Jinsi ya kujipima mwenyewe na kupata sidiria inayokukaa sawasawa

Kamba inaacha mfereji begani. Mkanda wa nyuma umepanda hadi katikati ya mgongo. Waya unachoma chini ya kwapa, na kila ukiinama inabidi uingize mkono ndani ya nguo kurudisha titi lililochomoka. Wanawake wengi huishi hivyo miaka nenda miaka rudi wakiamini kwamba sidiria ndivyo zilivyo, au kwamba matiti yao ndiyo yenye kasoro. Si kweli. Mara nyingi kinachotakiwa ni kubadilisha namba tu, na kazi ya kuitafuta unaweza kuifanya mwenyewe chumbani, ukiwa na tepu na kioo.

Kosa ninalolikuta zaidi huelekea upande uleule: mkanda mkubwa mno, vikombe vidogo mno. Mtu akihisi matiti yanabanwa, anapanda namba, kutoka 34 kwenda 36, kutoka 36 kwenda 38. Kikombe kinaongezeka kidogo, lakini mkanda nao unalegea, na mkanda ukishalegea hakuna kinachobaki kubeba uzito isipokuwa kamba za mabegani. Mabega na shingo vinaanza kuuma. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye mkanda, kwa sababu ukiupata huo, mengine hurekebishika.

Namba na herufi zinasema nini

Sidiria ya 34C ina vipimo viwili ndani ya jina lake. 34 ni mkanda, yaani ule mduara unaozunguka mbavu chini ya matiti. C ni kikombe, na kikombe hakipimwi peke yake: ni tofauti iliyopo kati ya mzunguko wa kifua penye matiti na mzunguko wa mkanda. Ndiyo maana hakuna kitu kinachoitwa titi la C. Kikombe cha 30C ni kidogo kwa mbali kuliko cha 38C. Anayesema "mimi navaa D" hajasema chochote mpaka ataje na namba. Kwa mwanamke mwembamba wa mkanda wa 28 au 30, D ni titi la kawaida kabisa, pengine hata dogo. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaokataa sidiria inayowakaa vizuri kwa kuogopa herufi iliyoandikwa kwenye lebo, lebo ambayo hakuna mtu mwingine atakayeiona.

Herufi hizi si za kale. Kampuni ya S.H. Camp ya Marekani ilianza kuzitumia, A hadi D, mwaka 1932, na kabla ya muongo huo kuisha kampuni ya Warner's nayo ikawa inatoa vikombe vya namna hiyo. Vitambaa vya wakati ule havikuvutika kama vya leo. Nyuzi za spandeksi, zile zinazovutika na kurudi, zilikuja kubuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont. Nayataja haya kwa sababu bado utakutana na ushauri wa zamani unaosema pima chini ya matiti, kisha ongeza inchi 4 au 5 ndipo upate mkanda wako. Hesabu hiyo inafaa kitambaa kigumu. Kwa mkanda wa leo unaovutika, humwacha mtu na sidiria inayozunguka mwilini kama kibwebwe kilicholegea. Hata hivyo baadhi ya watengenezaji bado wanaifuata wanapoandika lebo, na hilo tutalirudia kwenye hesabu, maana ndipo wengi wanapopotelea.

Maandalizi

Tafuta tepu laini ya kushonea, kioo kinachoonyesha angalau kiuno hadi kichwa, karatasi na kalamu. Tepu ya kitambaa iliyotumika muda mrefu huwa imevutika, kwa hiyo ilaze kando ya rula uone kama zinalingana. Kama huna tepu, uzi mnene usiovutika unatosha: zungusha, shika kwa vidole pale ncha inapokutana, kisha ulaze juu ya rula.

Ni bora upime kifua kikiwa wazi. Kama matiti yako ni mazito na unapata shida kuyashughulikia, vaa sidiria nyembamba isiyo na sponji. Sidiria yenye sponji itakuongezea sentimita ambazo si zako, na ile ya mazoezi itakupunguzia.

Siku nayo ina maana. Matiti mengi hujaa na kuuma siku chache kabla ya hedhi. Pima wiki inayofuata baada ya hedhi kumalizika, yakiwa yametulia. Kama kila mwezi yanaongezeka kiasi cha kukusumbua, pima mara mbili, siku za kawaida na siku za kujaa, kisha uwe na sidiria moja ya kikombe kikubwa zaidi kwa ajili ya siku hizo. Sioni sababu ya mtu kuteseka wiki nzima kila mwezi kwa ajili ya kipimo kimoja.

Kupima chini ya matiti

Simama wima mbele ya kioo, mabega yametulia. Pitisha tepu mgongoni na uilete mbele, ikae pale titi linapoungana na mbavu, kwenye mkunjo wenyewe. Kama matiti yameufunika mkunjo, yanyanyue kwa mkono mmoja mpaka tepu iguse mbavu. Sasa geuka ubavu uangalie kioo: tepu lazima iwe sambamba na sakafu pande zote. Mara nyingi nyuma huwa imepanda au imeshuka bila wewe kujua, na sentimita 2 za kupanda nyuma zinaweza kuharibu kipimo chote.

Chukua vipimo vitatu mahali hapohapo, ukiviandika kimoja kimoja. Cha kwanza ni cha kulegea: tepu imegusa ngozi tu, haidondoki. Cha pili ni cha kukaza kidogo: toa pumzi, vuta tepu mpaka ikumbate mbavu, kisha hakikisha bado unapumua na kuzungumza bila shida. Cha tatu ni cha kubana kweli: toa pumzi yote na uvute kadiri unavyoweza kuvumilia.

Kile cha pili ndicho kitakachokupa mkanda. Viwili vingine vinakueleza mwili wako ulivyo. Kama kati ya cha pili na cha tatu pana tofauti ndogo, chini ya inchi moja, mbavu zako ziko karibu na ngozi na mkanda mkali utakuumiza. Ukiwa katikati ya namba mbili, chagua ya juu. Kama tofauti ni inchi 2 au zaidi, una nyama laini inayokubali kubanwa, na mkanda uliokaza zaidi ndio utakaokaa mahali pake bila kuteleza. Ndiyo maana wanawake wawili wenye kipimo kilekile cha mbavu wanaweza wasivae namba moja, na wote wakawa sahihi.

Kupima penye matiti

Hapa watu wengi hupima mara moja wakiwa wamesimama, wakaridhika. Titi lililojaa na kusimama halina tatizo na kipimo hicho. Lakini titi laini, lililonyonyesha, lililoshuka, au la mtu aliyepungua mwili, likipimwa mwenyewe akiwa amesimama huwa limelala juu ya mbavu, na tepu inapita juu yake bila kulihesabu lote. Kwa hiyo pima katika mikao mitatu.

Kwanza ukiwa umesimama. Tepu ipite mahali palipojaa zaidi, kwa wengi ni usawa wa chuchu, iwe sambamba na sakafu, na isibonyeze titi hata kidogo. Ukiona titi linajikunja juu ya tepu, umekaza.

Pili, inama kutoka kiunoni mpaka mgongo uwe sambamba na sakafu, matiti yaning'inie. Zungusha tepu ipite penye ujazo mkubwa, na mgongoni iwe usawa uleule wa chuchu. Katika mkao huu hupenda kuteleza kuelekea shingoni. Subiri sekunde chache matiti yatulie ndipo usome. Msaidizi angefaa hapa, ila ukiishika ncha ya tepu kwa kidole gumba na kusoma kupitia kioo cha pembeni, utaweza peke yako.

Tatu, lala chali. Tandaza tepu kitandani kwanza, lala juu yake, kisha zifikishe ncha mbele. Matiti yatasambaa kuelekea kwapani, na hilo ndilo unalotaka kulijua, kwa sababu titi haliishii mbele ya kifua. Sehemu yake huelekea hadi kwapani.

Jumlisha vipimo vitatu, gawanya kwa 3. Hicho ndicho kipimo chako cha kifua. Kama kile cha kuinama kimezidi cha kusimama kwa inchi 2 au zaidi, mimi ningesogea karibu na cha kuinama kuliko kutumia wastani, maana cha kusimama kimekuficha.

Na usishangae titi moja likiwa kubwa kuliko jingine. Ni hali ya kawaida kabisa. Sidiria huchaguliwa kwa titi kubwa. Upande mdogo unaupunguza kwa kufupisha kamba yake, au kwa kuweka kipande chembamba cha sponji ndani ya kikombe.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano na tuufuate mpaka mwisho. Chini ya matiti, kipimo cha kukaza kidogo ni sentimita 75, sawa na inchi 29.5. Kifua, wastani wa mikao mitatu, ni sentimita 94, sawa na inchi 37. Kugeuza sentimita kuwa inchi unagawanya kwa 2.54.

Kwa njia ya inchi isiyoongeza chochote, 29.5 inasogezwa kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani 30. Huo ndio mkanda. Kisha 37 toa 30 inabaki 7. Kila inchi moja ni hatua moja ya kikombe. Kwa mpangilio wa Uingereza, 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, 5 ni DD, 6 ni E, 7 ni F, 8 ni FF, 9 ni G, 10 ni GG, 11 ni H. Jibu ni 30F.

Kwa njia ya kuongeza inchi 4, mwanamke huyohuyo anapata 29.5 ongeza 4, ambayo ni 33.5, ikasogezwa hadi 34. Halafu 37 toa 34 inabaki 3. Jibu ni 34C.

Kwa utaratibu wa Ulaya unaotumia sentimita, mkanda ni 75, na tofauti ya 94 na 75 ni 19. Huko A ni sentimita 12 hadi 14, B 14 hadi 16, C 16 hadi 18, D 18 hadi 20, E 20 hadi 22, F 22 hadi 24. Jibu ni 75D. Na ukishika sidiria yenye lebo ya nchi nyingi, utaona 75D imeandikwa kando ya 34D.

Mwili mmoja, majibu matatu: 30F, 34C, 75D. Wengi wakifika hapa hukata tamaa wakasema vipimo ni upuuzi. Vipimo havina kosa. Kinachotofautiana ni jinsi mtengenezaji anavyotafsiri namba yake. Ile 34 iliyoandikwa kando ya 75 haina maana kwamba mbavu zina inchi 34, kwa sababu sentimita 75 ni chini kidogo ya inchi 30. Ndani yake zile inchi 4 za zamani zimeshaongezwa.

Ufanyeje basi? Kama mtengenezaji ametoa jedwali lake lenye sentimita, lifuate hilo na usahau hesabu nyingine zote. Kama hakuna jedwali, anza kujaribu mkanda ulio hatua moja juu ya ule wa hesabu isiyoongeza chochote, huku ukishusha kikombe hatua moja. Kwa mfano wetu, badala ya 30F anaanza na 32E, kisha anasikiliza mwili: mkanda ukicheza anarudi 30F, ukibana mbavu anapanda 34DD. Ninachoomba tu ni kwamba asianze na 34C, kwa sababu kikombe chake ni hatua mbili chini ya 34DD, na ndicho kile kikombe kinachokata titi katikati.

Ule mchezo wa kupanda mkanda na kushusha kikombe unastahili kukaa kichwani. Ujazo wa kikombe cha 34C, 32D na 36B ni mmoja. Hizi ni namba jirani. Ukipanda mkanda hatua moja, shusha herufi moja. Ukishuka mkanda, pandisha herufi. Anayeshuka kutoka 38C kwenda 36 kwa sababu mkanda umelegea lazima aende 36D. Akichukua 36C atabanwa matiti, atasema mkanda mdogo haumfai, na kurudi alikotoka.

Lebo za nchi mbalimbali

Marekani inatumia inchi kama Uingereza, lakini baada ya DD herufi zinaachana: E ya Uingereza huko huitwa DDD, F huitwa G, na FF huitwa H. Kwa hiyo G ya Marekani na G ya Uingereza zimepishana hatua mbili. Ufaransa na Uhispania huongeza 15 juu ya namba ya Ulaya, 75 inakuwa 90. Australia mkanda wa 34 huandikwa 12, na 36 huandikwa 14. Japani huweka herufi mbele, kama C75, na vikombe vyake hupanda kwa sentimita 2.5, A ikianzia tofauti ya sentimita 10. Unaponunua kwa intaneti, angalia kwanza lebo ni ya mtindo wa nchi gani kabla ya kuangalia rangi.

Kuvaa na kukagua

Namba uliyoipata ni mahali pa kuanzia. Sidiria yenyewe ndiyo itakayothibitisha, na hapa ndipo naomba usiwe na haraka.

Kabla ya kuivaa kawaida, ivae kinyume: vikombe viwe mgongoni, vishikizo mbele. Kwa njia hii unapima mkanda peke yake, matiti hayamo. Funga kishikizo cha nje kabisa, kile cha kulegea. Mkanda ukumbate mbavu, vidole viwili vipite chini yake kwa shida kidogo, na ukiuvuta mbele usiachane na mwili kwa zaidi ya sentimita chache. Sasa igeuze uivae sawasawa. Kama ilikuwa starehe kinyume lakini sasa inabana na kukosesha pumzi, mkanda hauna hatia: vikombe ni vidogo, na matiti yanauvuta mkanda mbele. Jaribio hili huchukua nusu dakika na limeniondolea ubishi mwingi kuhusu mkanda.

Kishikizo cha nje kina sababu. Mkanda hulegea kadiri sidiria inavyovaliwa na kufuliwa. Ukinunua inayokutosha ukiwa umefunga cha ndani kabisa, huna pa kwenda ikilegea. Ukianza na cha nje, utasogea ndani safu moja baada ya nyingine.

Kuivaa kuna namna yake. Pitisha mikono kwenye kamba, inama mbele, matiti yaingie vikombeni, funga nyuma ukiwa bado umeinama. Kisha ingiza mkono wa kulia kwenye kikombe cha kushoto, uupeleke mpaka chini ya kwapa, shika titi lote na ulilete mbele na juu kidogo. Fanya hivyo na upande wa pili. Ukisimama utaona tofauti. Wengi hapa ndipo wanapogundua kwamba kikombe walichodhani kinawatosha kimejaa hadi kumwagika, kwa sababu robo ya titi ilikuwa imeachwa kwapani. Ile nyama iliyotokeza pembeni ya sidiria, inayodhaniwa ni unene, kwa wengi ni titi lililokosa nafasi.

Ukiwa umesimama, anza kukagua nyuma. Mkanda uwe sambamba na sakafu, nyuma na mbele usawa mmoja. Ukipanda nyuma, umelegea. Inua mikono juu ya kichwa: mkanda ukibaki mahali pake, vizuri, ukipanda na matiti yakatokea chini, ama ni mkubwa ama vikombe ni vidogo.

Njoo katikati. Kipande kinachounganisha vikombe kinapaswa kulala juu ya mfupa wa kidari. Kikielea hewani, karibu siku zote vikombe ni vidogo. Kwa mwenye matiti yaliyokaribiana sana kinaweza kuumiza hata kama namba ni sahihi. Huyo atafute sidiria ambayo kipande hicho ni kifupi, kimekatwa chini.

Fuata waya kwa kidole kutoka katikati hadi kwapani. Upite kwenye mkunjo wa titi na kumalizikia nyuma ya titi, juu ya mbavu. Bonyeza pale ncha yake ilipo: ukihisi mfupa, sawa, ukihisi ulaini, waya umekaa juu ya titi na kikombe ni kidogo au chembamba. Waya ukiwa umeshuka chini ya mkunjo huku umeacha uwazi, kikombe ni kikubwa au mkanda umelegea.

Tazama ukingo wa juu wa kikombe. Titi likikatwa na kuonekana kama manne chini ya nguo, panda herufi. Kitambaa kikikunjamana, usikimbilie kushusha herufi. Kwanza rudia lile zoezi la kuleta titi mbele, halafu fupisha kamba. Kama bado kinakunjamana, basi ama ni kikubwa, ama umbo lake si lako.

Kamba za mabegani zimalizie kazi, zisiibebe. Vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Jaribu kuzishusha zote mbili mabegani: mkanda mzuri utaendelea kuyashikilia matiti kwa muda, hata kama yatashuka kidogo. Yakianguka moja kwa moja, ulikuwa unayabeba kwa mabega.

Mwisho, vaa fulana inayobana juu yake, kaa, inama, geuka, pumua kwa nguvu. Ikae mwilini robo saa nzima kabla ya kuamua. Maumivu ya waya huwa hayajitokezi dakika ya kwanza.

Namba sahihi, umbo lisilokufaa

Kuna wakati kila kipimo ni sahihi na bado sidiria inakataa. Inama tena mbele ya kioo uangalie wapi titi limejaa. Waliojaa juu hukatwa na ukingo wa juu ulionyooka. Wanahitaji kikombe kilicho wazi juu au chenye lasi inayovutika. Waliojaa chini, juu pakiwa pepesi, huona kikombe kirefu kinabaki na uwazi juu. Kikombe kifupi kilichokatwa nusu huwafaa zaidi. Matiti yaliyotengana hupenda sidiria inayoyaleta katikati. Matiti mazito hukaa vizuri kwenye vikombe vilivyoshonwa kwa vipande viwili au vitatu kuliko vile vya sponji vilivyofinyangwa tayari, kwa sababu sponji ina umbo lake na hailifuati titi.

Ya mazoezi ni habari nyingine. Ukikimbia, titi huenda juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Zile zinazoyabana matiti yote mawili pamoja zinatosha kwa matiti madogo. Kwa makubwa tafuta yenye vikombe viwili tofauti na mkanda mpana. Rukaruka kabla ya kununua.

Nyakati ambazo kipimo hakitulii

Wakati wa ujauzito mbavu hupanuka pamoja na matiti. Hapa ile kanuni ya kishikizo inageuka: nunua inayokutosha kwenye safu ya ndani, ili uwe na nafasi ya kulegeza kadiri miezi inavyosonga. Sidiria ya kunyonyeshea isubiri maziwa yatulie, na isiwe ya kubana wala yenye waya unaokandamiza, kwa kuwa mgandamizo kwenye titi lililojaa maziwa unaweza kuchangia mirija kuziba. Msichana anayekua apimwe kila baada ya miezi michache na avae laini isiyo na waya. Aliyefanyiwa upasuaji wa titi asijipime kwa mwongozo huu mpaka wahudumu wake waseme kidonda kimepona, na aulize wanashauri aina gani.

Kujipima pia ni nafasi ya kujitazama. Uvimbe mpya, titi moja kubadilika ghafla, ngozi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa majimaji usiyoyategemea, ni mambo ya kumwona daktari bila kungoja. Ama ule uvumi kwamba sidiria yenye waya huleta saratani, utafiti uliofanywa na kituo cha saratani cha Fred Hutchinson cha Seattle na kuchapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wanawake wenye saratani na wasio nayo, na haukuona uhusiano wowote, wala kwa waya wala kwa saa za kuivaa.

Itunze, kisha pima tena

Kinachoua sidiria ni joto na kukamuliwa. Ifue kwa mkono, maji ya kawaida, sabuni laini. Ibonyeze kwa taulo badala ya kuisokota, na uianike kivulini ikiwa imening'inizwa kwa kipande cha katikati, si kwa kamba, kwa sababu kamba zenye maji huvutika kwa uzito. Usivae moja siku mbili mfululizo. Mkanda unahitaji muda wa kurudi.

Jipime upya kila miezi sita hadi mwaka, na pia mwili ukinenepa au kupungua, ukianza au kuacha vidonge vya uzazi wa mpango, ukimaliza kunyonyesha, au ukiingia umri wa kukoma hedhi. Sidiria ambayo tayari umefika kishikizo cha mwisho na bado inapanda mgongoni imemaliza kazi yake. Nunua nyingine, ukianzia tena na tepu.